Kifua Inchi Arobaini

12 Januari

Shangazi,

Shikamoo, na pole ya goti. Mashati manne yamefika na basi la Jumanne. Sikungoja hata kuyapiga pasi, nilivaa moja likiwa bado na mikunjo ya kifurushi. Kola imekaa sawasawa. Mwenye duka aliniuliza nimeshonewa wapi, nikamwambia nina fundi wangu wa tangu utotoni ambaye nikimjibu vibaya ananichoma sindano. Mke wangu anakusalimu sana. Watoto wake wa darasa la kwanza wamefika hamsini na nane mwaka huu, sauti imemkauka, na nyumbani ananiita kwa kupiga makofi.

Usishangae nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako naijua. Unaiweka juu ya meza ya kukatia, sauti imefunguliwa yote, na mafundi wote wanachangia. Hili nataka ulisome peke yako, ukimaliza ulichome.

Nywele zinaniondoka, Shangazi. Si utani tena. Zilianza pembeni, sasa utosini ngozi inaonekana. Dukani kwetu kuna vioo kumi na viwili. Mteja anajaribu miwani, mimi nasimama nyuma yake kumwelekeza, na kokote ninakotazama nauona utosi wangu. Fundi wa lenzi ananiita Uwanja wa Ndege tangu mwaka jana. Kila asubuhi ananiuliza leo inatua ndege ya wapi. Nacheka naye, kisha naenda chooni najitazama.

Nina miaka thelathini na moja. Baba alikuwa na umri huo huo katika ile picha unayoihifadhi, na kichwa chake ndicho hiki. Wewe ndiye uliyenilea tangu siku aliyotoka asirudi, kwa hiyo unaelewa kwa nini sitaki kukutana naye kila nikipiga mswaki.

Hospitali kubwa ya hapa inatafuta wanaume wa kujaribu dawa mpya. Daktari anasema si homoni peke yake inayotupukutisha. Kuna uvimbe mdogo usioonekana kwa macho, unaizunguka mizizi ya nywele na kuikaba, na dawa yao inautuliza. Haijauzwa popote bado. Nimefikiri wiki tatu na moyo wangu umekubali.

Mke wangu sijamwambia. Nikimwambia atacheka, halafu atanibusu utosini, na mimi sitaki kubusiwa utosini. Naomba uniapie kwamba hili litabaki kati yetu.

Mwanao.


3 Februari

Chogo mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kuanzia goti kwenda juu. Huku joto limezidi mpaka chaki ya kuchoria inayeyuka mkononi. Fundi wangu wa vifungo amejifungua mtoto wa kike, wote wawili salama. Nimemshonea vigauni viwili, na kitambaa kilichobaki nimekikunja nikakiweka. Mwambie mkwe wangu sijasema kitu, nimekunja kitambaa tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimecheka. Kisha nikajisikia vibaya. Tangu lini mwanamume akaugua kipara? Wateja wangu nusu yao wana vipara na suruali zao zinawakaa vizuri kuliko wenye nywele. Vaa kofia. Nyoa zote. Huyo fundi wa lenzi mtazame vizuri uniambie yeye ana nini cha maana mwilini, maana watu wa mdomo mrefu huwa na miguu myembamba.

Dawa ambayo haijauzwa popote inajaribiwa kwa nani? Kwa watu kama wewe. Mimi sikatai hospitali, lakini kwenda hospitali ukiwa mzima ni kujitafutia.

Kuhusu baba yako, yeye hakutukimbia kwa sababu ya kipara. Hayo mengine tuyaache.

Umeniomba niape, nimeapa. Nimefunga mlango wa duka, nimeapa kwa sauti, peke yangu kama mwendawazimu. Sitamwambia mtu. Lakini nasema sipendi. Mke anayekubusu utosini ndiye wa kumwambia.

Shangazi yako, mwenye goti.


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tumepata mvua mfululizo, dukani wateja hawaji, tumebaki kufuta lenzi zilizokwisha futwa. Mke wangu mzima. Anasema umsalimie mtoto wa fundi wa vifungo, na kile kitambaa amekielewa.

Nimeanza. Kila Alhamisi muuguzi ananichoma sindano ndogo ndogo utosini, kama kumi na tano hivi, na nyumbani nameza kidonge kimoja asubuhi. Vidonge nimevificha kazini kwenye kopo la skrubu za miwani. Kabla ya kuanza walinisomea karatasi ndefu. Dawa inaweza kugusa homoni za kiume. Nikiona badiliko lolote mwilini niandike kwenye daftari walilonipa, na wakiona ni baya watanitoa. Damu watapima kila mwezi. Na wakati wote wa majaribio, mwaka mzima, nisijaribu kupata mtoto, kwa sababu mbegu zinaweza kupungua au kuharibika. Nikatia sahihi kila ukurasa. Muuguzi alinisifia mwandiko.

Sasa sikia. Wiki ya sita leo, na nywele zinaota! Laini kama za mtoto mchanga, lakini zipo. Fundi wa lenzi ameniangalia, akaja karibu, akaniangalia tena, akasema, "Wewe, uwanja umefungwa au vipi?" Nilitamani ungekuwepo umwone.

Nina furaha, Shangazi. Sijawahi kukuandikia neno hilo, basi lihifadhi.

Mwanao mwenye nywele.


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, naandika haraka, kondakta anangoja kifurushi. Sisi wazima. Mke wangu ameanza kliniki ya akina mama kwa sababu ya kuchelewa kupata mtoto, ni vipimo vya kawaida tu.

Naomba mashati matatu mapya, yale ya Januari yamenibana. Vipimo: shingo kumi na tano na nusu, mabega kumi na nane, kifua arobaini na nusu, kiuno thelathini na mbili, mkono kama zamani. Kitambaa kiwe kizito kidogo, cha rangi ya kiza, na mbele uweke mifuko miwili yenye vifuniko.

Mwanao.


19 Mei

Chogo,

Salamu za watu wote zipo, utazipata mwisho nikikumbuka.

Vipimo vyako nimevibandika mbele ya cherehani siku nne na sijakata kitambaa. Nimepima wanaume miaka thelathini na mitatu. Mwanamume akinenepa huanza tumbo, halafu shingo, kifua kinafuata nyuma. Akibeba vitu vizito hupanuka mabega. Wewe shingo haijasogea, mabega hayajasogea, kiuno kimepungua inchi moja, na kifua kimetoka thelathini na nane kwenda arobaini na nusu katika miezi minne. Halafu unataka kitambaa kizito cha kiza chenye mifuko miwili mbele.

Mifuko hiyo huwa ninawashonea wasichana wa miaka kumi na mbili, mama zao wakiniomba kwa kunong'ona.

Una nini kifuani? Niandikie ukweli. Usinifanye nipande basi na goti hili.

Shangazi yako.

Mtoto wa fundi wa vifungo ameota jino.


4 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Niliposoma barua yako nilitoka nje ya duka nikakaa kwenye ngazi mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Ni kweli. Ilianza Aprili, chuchu zikawa zinauma zikigusa shati. Nikadhani ni sabuni. Kisha chini yake pakawa na kitu kigumu kama kifungo cha koti, kila upande. Sasa ni matiti, Shangazi. Sipati neno jingine la kuyaita. Naoga na mlango umefungwa kwa komeo. Nalala na shati, namwambia mke wangu nina baridi, na yeye anatoa jasho.

Na lile jambo la mume na mke limekwisha. Si kwamba sitaki kwa sababu ya hasira au uchovu. Halipo tu. Namtazama mke wangu akichana nywele, namwona mzuri, na mwili umekaa kimya. Mwanzoni alikuwa ananitania. Sasa hanitanii tena, anageukia ukutani. Na kuna machozi yanayonijia bila sababu. Juzi nimelia kwa sababu mzee mmoja alivaa miwani mipya akasoma jina la mtaa.

Utauliza kwa nini sijaacha. Daktari aliona kwenye damu kwamba homoni zimeyumba. Akaniuliza, "Kuna badiliko lolote? Kifuani, chumbani, moyoni?" Nikasema, "Hakuna kabisa, daktari." Yeye anakagua kichwa tu, shati sivui. Kwenye daftari nimeandika "sijambo" kila wiki, wiki kumi na sita. Nikisema ukweli watanitoa, na nywele zitaondoka tena. Ungeziona, Shangazi. Zimejaa. Watu wananisimamisha njiani. Nimebakiza miezi minane tu, baada ya hapo yote yatarudi yalivyokuwa.

Naomba kitu kimoja. Nishonee fulana ya ndani ya kubana kifua, kitambaa kigumu, ifungwe vizuri. Wewe utajua namna. Dukani siwezi kununua kitu kama hicho.

Na kiapo chako kiko pale pale, sivyo?

Mwanao.


25 Juni

Mwanangu,

Nimeishona, na mashati yako ya mifuko yamo humu humu. Nimeijaribu mara tatu mwilini mwangu maana sina mwingine wa kumjaribia. Nilitaka kuifunga kwa kamba, ikawa inafunguka, nikaweka kulabu sita mgongoni na utepe laini ndani usikukwaruze. Ifue kwa mkono, iweke mahali pasipo na mtu.

Nimeshona magauni ya maharusi, nimeshona sanda, na hakuna kazi iliyonichosha kama kitambaa hiki cha nusu mita. Nililia nikikata, mkasi ukaenda kombo, nikaanza upya.

Mwambie mkeo. Kiapo changu kipo, lakini kinanikaa vibaya kila siku. Yule binti anafundisha watoto hamsini na nane, ana uvumilivu kuliko wewe na mimi tukiwekwa pamoja. Mwambie, kisha mwambie na daktari. Acha hizo nywele ziende zao.

Shangazi yako.


30 Julai

Chogo,

Mbona kimya? Wiki tano. Kifurushi kilipokelewa, kondakta ameniapia.

Jana mkwe wangu alinipigia simu. Nilipoona ni yeye nikawafukuza mafundi wote nje, nikaziba sikio moja. Hakusalimia vizuri. Akasema, "Shangazi, nimekuta sidiria kwenye mkoba wa mume wangu. Si yangu. Ya mwanamke mwenye kifua kikubwa kunishinda, imeshonwa vizuri, ana pesa huyo." Akasema, "Wewe umemlea. Niambie tu, ana mtu?"

Mwanangu, ulimi ulikuwa umefika kwenye meno. Ilikuwa niseme, "Hiyo ni kazi ya mikono yangu, na mwenye kifua ni mumeo." Maneno yenyewe hayafiki kumi na tano. Nikakumbuka nimeapa. Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, mama." Akakata simu.

Tangu jana siwezi kukanyaga cherehani. Muulize alichokuta, na ukiulizwa jibu ukweli. Nakuomba. Nakupigia magoti, hata hili bovu.

Shangazi yako.


21 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Mke wangu amerudi kwao. Leo siku ya ishirini.

Aliniuliza tukiwa mezani. Alikuwa ameiweka ile fulana kwenye mfuko, akautoa chini ya kiti. Alikuwa ameifua, Shangazi. Ameifua na kuikunja. Akasema, "Ni ya nani?" Nikatazama mfuko. Akauliza tena. Mara ya tatu aliuliza pole pole, kama anavyowauliza wanafunzi wake, "Niambie tu, sitapiga kelele."

Nilifungua mdomo niseme ni yangu. Siku kadhaa nilikuwa sijaivaa kwa sababu ya joto, nimevaa lile shati lako la mifuko. Nikajiona atakavyoniona nikilifungua shati lile mbele yake. Nikasema, "Kuna mtu."

Ndivyo nilivyosema. Hakuna mtu, unajua hakuna, siwezi hata kuwa na mtu. Nikabuni mwanamke palepale, nikampa na kazi, nikasema ni mteja aliyekuja kupima macho. Yeye akatikisa kichwa taratibu kama anayeelewa. Akasema, "Sawa. Nilikuwa nasubiri useme." Akaosha vyombo vyote, akapanga nguo.

Sikumzuia. Nilimbebea sanduku mpaka kituoni.

Unajua kitu gani kinanichoma? Mwezi wa Juni kliniki walimpiga picha ya mirija ya uzazi. Wanaingiza dawa kwa mpira. Alirudi nyumbani ameinama, hawezi kusimama wima, na mimi nilimkanda tumbo kwa maji ya moto. Alikuwa anasema, "Nisamehe mume wangu, tutapata tu." Na wakampa vidonge vinavyomtapisha asubuhi. Nilimshikia ndoo.

Mwanao.


6 Septemba

Nimerudi kwenye barua yako ya Machi. Hukuniambia niichome na sikuichoma. Umeandika mwenyewe, kwa huo mwandiko uliosifiwa: nisijaribu kupata mtoto mwaka mzima, mbegu zinaweza kuharibika. Nikatia sahihi kila ukurasa.

Na mkeo ukamwacha anywe vidonge. Ukamwacha aingizwe mpira. Ukamkanda tumbo ukijua.

Mimi pia nilisoma barua ile, na ile ya Mei kuhusu kliniki, na akili yangu haikuziunganisha. Niliona kifua cha inchi arobaini na nusu, sikuona mtoto wa watu anayeumizwa bure. Kwa hiyo sikutukani peke yako, najitukana na mimi.

Kiapo nakivunja leo. Nikirudi nitakuandikia. Usinizuie, barua hii itakufikia nikiwa nimeshapanda basi.

Shangazi yako.


15 Oktoba

Mwanangu,

Salamu kutoka duka la cherehani. Nimechelewa kuandika kwa sababu niliporudi nililala kitandani siku sita, goti limevimba kama boga, na baada ya hapo sikuwa na moyo.

Nilimkuta uani kwa wazazi wake akijalidi madaftari. Amekonda. Pembeni yake kulikuwa na ndoo. Bado anameza vile vidonge, Chogo. Mama yake amemwambia amalize matibabu kwanza, kwani hakuna mwanamume wa pili atakayemchukua akiwa hivyo alivyo. "Hivyo alivyo", hayo ndiyo maneno ya mama yake.

Nilimweleza yote. Nilianza na nywele, nikamaliza na karatasi uliyotia sahihi. Sikukutetea na sikukuongezea. Alisikiliza mikono ikiendelea kukunja karatasi za jalada, mpaka nilipofika kwenye fulana.

Akasema, "Ni wewe uliyeishona?"

"Ndiyo."

"Nilikupigia simu."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nimeapa."

Akalisukuma daftari pembeni. Kisha akasema, "Mimi nilijua ana mwanamke kwa sababu sizai. Niliona ana haki. Ndiyo maana niliifua ile nguo. Nilisema huyo mwanamke huenda akamzalia, na yeye apate mtoto, asikae hivi kwa ajili yangu."

Nilitaka ardhi inimeze. Akauliza mambo mawili tu. La kwanza, kama una maumivu. Nikamwambia kifua kinakuuma na unalia ovyo. La pili, mwezi gani ulijua kwamba kosa si lake. Nikamwambia Februari. Akahesabu kwa vidole, Februari, Machi, Aprili, Mei, mpaka akafika Juni ya ule mpira, vidole vikasimama. Ndipo akalia. Nimeona watu wakilia, lakini yule alilia kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Akawa anasema, "Kumbe mimi mzima. Shangazi, kumbe mimi mzima."

Hakulia kwa ajili yako, mwanangu, sitakudanganya. Nilimuuliza kama atarudi. Alisema kipara angekivumilia, na hicho kifua angekikanda kwa maji ya moto kama wewe ulivyomkanda tumbo. Akasema, "Nilimuuliza mara tatu. Akaona heri nimjue mzinzi kuliko nimjue mgonjwa. Sasa mimi nitarudi kwa nani?"

Nikamsaidia kukunja majalada yaliyobaki.

Umekwenda kwa daktari? Usinijibu kwa barua yenye neno "sijambo".

Shangazi yako.


9 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimekwenda. Nilivua shati mbele ya daktari, muuguzi na vijana wawili wanaojifunza. Daktari hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Alifungua daftari langu, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, sijambo, sijambo, sijambo. Akaniambia kuna wanaume wengine arobaini wanaotumia dawa hii, na kwamba dozi yao ilipandishwa mwezi wa saba kwa kuwa watu kama mimi hawakuonyesha dalili. Sasa wanawaita wote mmoja mmoja. Mimi wamenitoa. Homoni zitarudi taratibu, mbegu pia huenda zikarudi. Hiki kilichoota kifuani hakitaondoka bila kisu.

Nywele zimeanza kudondoka. Naziona kwenye mto. Fundi wa lenzi ameona na hajasema kitu, ananipikia chai.

Nimejaribu kumwandikia mke wangu. Nilianza na salamu, nikauliza hali ya wazazi wake, nikamweleza habari za duka na mvua, nikafika ukurasa wa pili sijagusa neno lenyewe. Nikaona ninafanya yale yale. Nikachana. Nikaandika tena, nikajikuta naeleza habari za baba, kana kwamba baba ndiye aliyetia sahihi. Nikachana na hiyo.

Iliyobaki ni hii nimeifunga humu ndani. Isome wewe kwanza, kisha nakuomba umpelekee kwa mkono. Ya posta anaweza asiifungue.

"Mke wangu, huna kasoro. Nilijua tangu mwezi wa pili. Kila ulipoumizwa nilikuwepo na nikanyamaza, kwa sababu niliona aibu ya mwili wangu kuliko maumivu ya mwili wako. Waonyeshe kliniki karatasi hii wakusimamishie vidonge. Nilikupenda siku hizo zote na bado nakupenda. Sikuombi kitu."

Mwisho nimesema uongo kidogo, Shangazi. Ninaomba. Usimwambie.

Mwanao.


2 Desemba

Mwanangu,

Huku mvua zimeanza. Goti linakubali safari moja tu kwa mwezi na ya Desemba nimeitumia kwako.

Nilimpa mkononi. Aliisoma amesimama mlangoni, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu. Akasema, "Twende wote." Tukaenda kliniki kwa miguu. Alimpa daktari karatasi yako, daktari akaisoma, akaweka nakala kwenye jalada lake na kuvifuta vidonge. Wakamwambia hana ugonjwa wowote na hakuwahi kuwa nao. Akaomba waandike hivyo, wagonge muhuri, akampelekee mama yake.

Tuliporudi alinipikia, tukala. Amepata uhamisho, Januari anaanza shule nyingine, darasa la kwanza tena. Tuliongea habari za watoto, za vitambaa, za mama yake ambaye sasa anamwonea aibu. Barua yako ilikuwa mezani kati yetu muda wote huo. Nilikula taratibu, nikaomba chai ya pili, nikajifanya goti linauma zaidi ya linavyouma, ili nimpe nafasi ya kusema lolote la kukuletea. Hata neno la hasira ningelibeba.

Saa kumi alinisindikiza kituoni, akanishika mkono kunisaidia ngazi ya basi, akaniambia nifike salama. Nikakaa kiti cha dirishani nikamwangalia. Alinipungia mkono. Kisha basi likaondoka, na hakuwa amenipa kitu cha kukuambia.

Shangazi yako.